Sifa za Ndovu wa Shimba

Wapo wanaolidharau jina la bandia la mtandaoni, wakaliita kinga ya waoga. Mimi nalisifu, tena hadharani, kwa kuwa hapa kijijini kwetu Mkongani sijaona kilichowapa watu ulimi kama hilo.

Mtazame bwana mmoja wa kwetu. Mchana, kwenye baraza la chifu, huinua mkono nusu, akaushusha, akasema swali lake limeshaulizwa na wenziwe. Usiku akishika simu huwa Ndovu_wa_Shimba87. Hapo diwani huulizwa barabara, mhandisi wa maji hufundishwa uhandisi, na shemeji fulani, “simtaji mtu”, hukumbushwa deni la mbuzi. Shule gani ingempa ujasiri huo bila karo?

Na usiri wake je! Jina limefichwa kabisa. Kilichobaki nje ni vilima vya kwao Shimba, mwaka wake wa kuzaliwa (ambao, nakhofia, ndio nusu ya nambari yake ya siri), picha ya pikipiki yenye taa iliyopasuka, na mazoea ya kuandika “xaxa” kila penye “sasa”. Ndovu kajificha nyuma ya mpapai. Kijiji kizima kinamwona, na kwa adabu kinaulizana huyu Ndovu ni nani. Mkewe pia huuliza.

Jina lenyewe halina ubahili. Ni hilohilo kwenye siasa, hilohilo akiuza kuku, hilohilo akiwatumia salamu wageni wa hoteli za Diani. Anayemtafuta akilipata pahala pamoja, kampata kote. Kukitokea mchango wa maziko, Ndovu hutuma shilingi 50 kwa M-Pesa, na ujumbe humfikia mweka hazina ukiwa na majina aliyopewa na wazazi wake. Laini ilisajiliwa kwa kitambulisho. Kanuni za usajili wa laini hazina nafasi ya kuandika “Ndovu”.

Lakini wanaolienzi jina la bandia kuliko mimi ni polisi. Desemba 2016, jijini Dar es Salaam, walimkamata Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums, ambako watu waliandika kwa majina ya kubuni. Walitaka wajulishwe waliokuwa wameandika tuhuma dhidi ya kampuni kadhaa ni akina nani. Akakataa. Aprili 2020 mahakama ilimtia hatiani kwa kuzuia uchunguzi: faini ya shilingi milioni 3 za Tanzania, au kifungo cha mwaka mmoja. Majina hayo, ambayo huenda yalibuniwa kwa mzaha mtu akisubiri chai ichemke, yalimpandisha mwenzao kizimbani. Sijui sifa gani ipite hiyo. Na waandishi wale hawakusitiriwa na ubunifu wao; walisitiriwa na mtu mmoja aliyeshika orodha, naye akafunga mdomo.

Ndovu wetu hajauliza bado orodha yake iko kwa nani, wala aliyenayo ana kifua kiasi gani.

Basi ndugu yangu Ndovu, najua unasoma. Endelea kuuliza habari za barabara, swali ni zuri. Ila iondoe hiyo 87, na shemeji yako anasema deni la mbuzi alishalilipa.