Mashujaa Watano wa Runinga kwenye Mizani ya Geita

Vibanda umiza vya Katoro, hapa Geita, vinajaa jioni, na shujaa anayeruka bila mabawa hakosi wateja. Lakini sisi tunalala juu ya dhahabu. Shujaa akitokea na vazi linalong'aa, tuna haki ya kuuliza: hayo madini kachimba nani? Kwa swali hilo nimewapanga, kuanzia wa tano.

5. Ubongo Kids (2014)
Imezaliwa Dar es Salaam, inaongea Kiswahili, na silaha yake ni hesabu. Msicheke. Mnunuzi wa dhahabu anayechezea mizani anamwogopa mtoto anayejua kugawanya kuliko anavyomwogopa Superman.

4. Watchmen (2019)
Walazeni watoto kwanza. Inaanzia Tulsa, Marekani, mwaka 1921, umati wa wazungu ulipouchoma mtaa wa Weusi wa Greenwood. Regina King ni polisi anayefunika uso, na kila akichimba historia ya ukoo wake anaufikia moto ule. Watazamaji wengi walilisikia tukio hilo kwa mara ya kwanza humo. Walimu wao walikuwa wapi?

3. Supa Team 4 (2023)
Wasichana wanne wa Lusaka, wakiongozwa na jasusi mstaafu, Mama K. Aliyewabuni ni Malenga Mulendema wa Zambia, aliyekua akitazama katuni zisizo na mtu anayefanana naye. Bibi mwenye siri za serikali na wajukuu wa kuwatuma: nani atamshinda? Ila Zambia ni nchi ya shaba, mabinti. Pandeni basi la Kitwe, migodini, siku moja.

2. Super Sema (2021)
Msichana wa miaka 10 na pacha wake MB wanamkabili Tobor, roboti dikteta, kwa sayansi na ubunifu. Ni kazi ya Kenya, Lupita Nyong'o akiwa mmoja wa watayarishaji. Siasa yake inaeleweka hata kwa chekechea: mtawala asiye na moyo hung'olewa na watoto wanaouliza maswali. Wazazi, mjiandae.

1. Eyes of Wakanda (2025)
Vipande vinne tu, na vyote vinatugusa. Wapiganaji wa Wakanda wanazunguka dunia, karne hadi karne, kurudisha vibraniamu, madini yao yaliyotoroshwa. Safari inawafikisha hadi Ethiopia ya mwaka 1896, mwaka wa vita vya Adwa. Hapa Geita mgodi mkubwa ulifunguliwa mwaka 2000, sheria ya umiliki wa rasilimali ikaja 2017, soko la dhahabu 2019. Kwa hiyo mada ya nani anaondoka na mali tunaijua kwa kichwa. Tungeweza kuwaandikia msimu wa pili.

Na tungeuandika kwa kuanzia chini. Wakanda wana ndege na mikuki ya ajabu, lakini nani anashuka kwenye duara, shimo la mchimbaji? Nani anabeba viroba vya mawe hadi kwenye karasha yakasagwe? Shujaa wangu ni mama wa mwaloni, kwenye uoshaji, anayekamata dhahabu kwa zebaki, mikono mitupu, mtoto mgongoni. Nataka kipande kizima juu ya mikono ile, na glavu zake ziwe ndizo vazi la ushujaa. Wakitafuta mji, Nyarugusu ipo. Wakitafuta adui, sumu ya zebaki imeshafaulu usaili.