Kuku Wangu wa Milango Miwili

Nyumbani kwangu kuna kuku asiye na manyoya. Ana kimo cha kunipita, ana milango miwili, na hutaga vipande vinane vya barafu pale anapojisikia. Wageni wakimwona husema, "Mashaallah, friji la kisasa." Mimi hutabasamu kama mwenye ghorofa lisilo na ngazi.

Lilikuja kwa kontena kutoka Marekani. Shemeji yangu alirudi na vyombo vyake, akakuta nyumba aliyopanga haina mlango wa kulipitisha, akaniachia kwa bei ya undugu. Bei ya undugu ni ile ambayo ukishalipa huwezi kurudisha mali. Likaja na transfoma, maana kule umeme ni wa volti 120 na wetu ni 230. Transfoma yenyewe ina uzito wa mtoto wa darasa la pili, na mchana kutwa inavuma kama mtu anayelalamika moyoni. Fundi bomba akavuta kimpira chembamba kutoka bomba la jikoni mpaka nyuma ya friji. Shemeji akatuasa tusubiri saa 24, na barafu ya mwanzo tuimwage. Tukasubiri. Haikuwapo ya kumwaga.

"Baba watoto," mke wangu akasema siku ya tatu, "kuku wako hatagi."

Nikajifanya fundi. Juu ya droo ya barafu kuna mkono wa waya. Barafu ikijaa huuinua, na mashine ikijua kazi imekwisha hupumzika. Nikakuta mkono umeinuka mpaka juu, umeegemea mfuko wa vibua. Siku tatu nzima mashine ilikuwa inaamini kwamba vibua vile ndiyo barafu yake. Nikavitoa, nikaushusha mkono, na asubuhi tukakuta vipande vinane. Watoto wakapiga vigelegele.

Jioni yake vikawa vilevile vinane. Tena vidogo, na katikati vina uwazi, mfano wa ganda la karanga lisilo na karanga.

Nikageukia kioo cha namba. Kilisoma 0. Friji letu la zamani lilikuwa na kitufe cha kuzungusha, 1 mpaka 7, na ukitaka baridi kali unakwenda 7. Nikabonyeza mpaka namba zikagoma kwenye 8, nikaenda kulala nimeridhika. Barafu ikazidi kuchelewa. Binti yangu wa kidato cha pili akaja, akaangalia, akaenda kuchukua kalamu.

"Baba, hizi ni nyuzi za Farenhaiti. Sifuri yao ni nyuzi 18 chini ya sifuri yetu. Wewe umepandisha joto, sasa ni 13 tu chini ya sifuri."

Ndivyo ada ya shule inavyorudi nyumbani, imevaa aibu yako.

Tukairudisha kwenye 0, mambo yakatengemaa kidogo sana. Nikamwita fundi friji. Akavua viatu mlangoni, akaligonga friji ubavuni mara mbili kama anayechagua tikitimaji, akatoa hukumu: "Mzee, gesi imeisha." Mafundi wengi mjini wanajua ugonjwa mmoja tu, na ugonjwa wenyewe ni gesi. Lakini gesi ya friji si ya kupikia. Inazunguka humohumo ndani ya mabomba yaliyofungwa, haiungui wala hailiwi. Ikipungua, ujue pana tundu. Nikamuuliza tundu liko wapi. Akasema kutafuta tundu kuna bei yake.

Wa pili alikuwa mtu mzima, mkimya, na hakugonga kitu. Aliomba kikombe, akachomoa kimpira cha maji nyuma ya friji, akafungua koki. Maji yakatoka kama udenda wa mtoto anayeota meno.

"Tenki lako umelipandisha mita ngapi, mzee mwenzangu?"

"Mita tatu," nikajibu kwa fahari, maana mnara ule ulinigharimu.

Akanieleza taratibu. Mashine ya barafu ina valvu inayofunguka sekunde chache tu, halafu inafunga. Imetengenezwa kwa maji yenye msukumo wa kama bar 1.4 kwenda juu. Maji ya tenki hutoa bar moja kwa kila mita kumi za kimo, kwa hiyo yangu yana 0.3. Valvu inafunguka, maji bado yanajikongoja njiani, valvu inafunga. Ndiyo maana ya vile vipande vyenye uwazi.

"Kwa hiyo tenki linatakiwa liwe juu kiasi gani?"

"Kama mita 14."

Mita 14 ni ghorofa nne. Kutoka kwetu Goba, tenki hilo lingekuwa linapunga mkono kwa boti za Zanzibar.

Akachomoa na chujio. Kwa kawaida hubadilishwa kila miezi sita, lakini maji ya kisima chetu hayafuati kalenda. Lilikuwa limeshapata rangi ya chai ya rangi. Na chujio lile la makaa haliondoi chumvi, kwa hiyo hata hiyo barafu kidogo ilikuwa na ladha ya ufukweni. Mwisho akaweka sikio kwenye kompresa. Akasema kule ilizoea umeme wa mizunguko 60 kwa sekunde, na wetu ni 50. Transfoma inashusha volti, mizunguko haiigusi. Hivyo kompresa inakwenda pungufu kwa moja ya sita. Yaani hata mashine, ikishashushwa bandarini tu, inajifunza kwamba haraka haraka haina baraka.

Tukafunga chujio jipya na pampu ya kusukuma maji. Bei yake sitaitaja, mke wangu husoma safu hii. Pampu ni ya kisasa pia: ikihisi tone limetoka popote, inawaka. Sasa saa nane za usiku mashine ikitaka maji yasiyofika nusu kikombe, pampu inaunguruma upande wa pili wa ukuta wa chumba chetu, jogoo wa jirani anadhani kumekucha, anawika, mbwa wanamjibu, na LUKU inapiga hesabu zake kimyakimya. Baada ya hapo ndipo unasikia droo: kacha! Mke wangu hugeukia ukutani na kusema, "Ametaga. Nenda kamwangalie."

Katikati ya hayo akaja baba mkwe kutoka Lushoto. Alilitazama friji kwa muda, mikono nyuma.

"Mkwe, chemsha maji."

Nikadhani anataka chai. Kumbe alikuwa na ushahidi wa nyumbani kwao. Erasto Mpemba, alipokuwa mwanafunzi pale Sekondari ya Magamba mwaka 1963, alikuwa akitengeneza aisikrimu na wenzake. Akaogopa kukosa nafasi kwenye friza, akaingiza maziwa yake yangali ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambaye hakuchemsha kabisa. Walimcheka, naye hakunyamaza. Alimuuliza Dkt. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu, na mwaka 1969 wakaandika pamoja. Wanasayansi wanabishana mpaka leo, na dunia nzima inaiita athari ya Mpemba.

"Shikamoo ya Mpemba naitoa, baba," nikamwambia, "ila friji hili linakunywa lenyewe kutoka kwenye bomba. Maji ya moto nitayapitishia wapi?"

Akafikiri kidogo. "Basi chemsha tenki."

Sasa nikwambie kinachouma. Friji limepona. Nililisimamia na saa mkononi: vipande vinane kila baada ya dakika 90 na ushee, karibu kilo moja na nusu kwa siku. Kumbe hiyo ndiyo afya yake! Hata kule kwao, mashine za ndani ya friji hutoa kama hivyo. Linamfaa mtu na mkewe, wakikaa kimya na glasi zao mbili. Sisi tuko tisa, na kila mtoto akipita anafungua mlango kuangalia kama limetaga, na kila akifungua anakaribisha joto la Dar ndani.

Ramadhani ikaingia. Jumamosi ya kwanza tukaalika watu kumi na wawili kufuturu. Juisi ya ukwaju ilikuwa ndoo ya lita 20. Nikamwaga barafu yangu ya siku nzima mbele ya wageni, kwa madaha. Ikalia *tss*, ikapotea kama mshahara.

Mke wangu hakusema neno. Alimpa kitinda mimba wetu hela, akamtuma kwa jirani. Jirani ana friza la mlango wa juu, lenye kutu miguuni, anagandishia maji kwenye vikopo vya Blue Band. Halina namba, halina chujio, msukumo wa maji halijawahi kuusikia. Mtoto aliporudi na mabonge sita, akatusimulia mbele ya wageni:

"Mama kaniuliza, na lile friji lenu la Marekani je? Nikamwambia limefunga."

Usiku wageni walipoondoka, mabonge mawili yalibaki. Nikalala nikisubiri saa nane. Pampu haikuunguruma. Jogoo hakuwika. Daku tuliamshwa na simu, jambo lililokuwa halijatokea tangu tufunge pampu. Nikaenda jikoni moyo ukinidunda, nikafungua friza.

Mke wangu alikuwa ameyahifadhi mabonge ya jirani kwenye droo, na moja limeuinua mkono wa waya mpaka juu. Mashine ilikuta barafu ya watu, ikaona kazi imekwisha, ikalala.

Nikanyoosha mkono nilitoe.

"Usiliguse," sauti ikasema nyuma yangu. "Leo nimelala."