Dakika Tano Kutoka Lami

Matangazo ya nyumba na ploti za Kajiado yana kipimo chake cha umbali: dakika tano kutoka lami. Hayasemi ni dakika tano za nani. Kwa mwenye Prado, mwezi wa pili, barabara ikiwa kavu, ni kweli tupu. Kwa mtembea kwa miguu mwezi wa nne, ni safari ya kuombewa.

Karani mmoja wa ghala huko Athi River, mpangaji wa Kitengela, alianza kukijua kipimo hicho alipoamua kuhama. Mkewe amelelewa Kinangop, ambako sweta ni vazi la mwaka mzima, na vumbi la Januari lilikuwa limemfika kooni. Masharti yake yalikuwa matatu: mji uwe na baridi, kodi isiumize, na asisikie habari za mkopo wa gari. "Baba Watoto," alisema, "nataka mahali ambapo blanketi lina kazi."

Blanketi hupata kazi mlimani. Ukipanda mita 1,000, hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi, na ndiyo maana Limuru huota majani ya chai ilhali nyanda za Kapiti huota vumbi. Kati ya majiji matano ya Kenya, Eldoret, lililopandishwa hadhi Agosti 2024, ndilo lililo juu kuliko yote. Karani alilitaja kwa shauku. Mkewe akauliza kama ghala nalo linahamia Eldoret, na habari za Eldoret zikaishia hapo.

Ikabaki kaunti yake yenyewe, Kajiado. Alianza na Ngong, mwezi Julai, akiwa amevaa shati la mikono mifupi. Vilima vya Ngong hufika mita 2,460, na mitambo ya kuzalisha umeme wa upepo haikusimamishwa pale kwa urembo. Konda alimtazama akitetemeka steji, akamwonea huruma: "Mzee, hapa si Mombasa."

Baridi ipo, basi. Njia je? Kitengela na Ngong ni za kaunti moja, lakini asiye na gari hupitia Nairobi, au hushuka Isinya, akangoja matatu ya Kiserian ijae, kisha akangoja nyingine. Tangu Oktoba 2019 reli ya SGR inapita Ngong, na karani alifurahi sana mpaka alipoisoma ratiba. Treni ile ni ya wasafiri wa kuelekea Suswa, si ya mtu anayetakiwa kazini saa mbili asubuhi.

Loitokitok ilikuwa ndoto nzuri zaidi: hewa safi, nyanya za bei poa, Kilimanjaro dirishani. Mkazi wa Kitengela anayekwenda huko kwa gari la abiria hurudi kwanza Athi River, akashika barabara ya Mombasa, akapita Machakos na Makueni hadi Emali, ndipo akunje kulia na kuingia tena Kajiado. Huvuka kaunti mbili za watu ili afike kwenye kaunti yake.

Mjini Kajiado kodi ilikubalika, ila blanketi lingekaa bila ajira. Reli ipo hapo pia, tawi la Konza hadi Magadi, la tangu enzi za Vita Kuu vya Kwanza. Ilijengwa kwa ajili ya magadi ya ziwani. Magadi yakapewa treni, binadamu wakaachiwa matatu.

Ndipo akaingia dalali. Dalali wa Kajiado huwa na usafiri wa bure Jumamosi, soda, na neno "mkubwa" kwa kila mtu. Gari dogo la abiria liliwapeleka kwenye ploti ya hamsini kwa mia yenye "mandhari ya mbuga". Mandhari yalikuwepo kweli: upande wa kusini, Mbuga ya Taifa ya Nairobi haina ua, na wanyama hupita huko tangu zamani. Dalali hakutaja kwamba Juni 2012 simba sita waliuawa na wakazi nje kidogo ya Kitengela baada ya kula mifugo. Si jambo la kumwambia mtu atakayetembea hadi steji kabla ya jua kuchomoza.

Mvua ikanyesha. Udongo mweusi wa huko hufura ukilowa na kupasuka ukikauka; wajenzi huuchimba wakautupa kabla ya kuweka msingi. Gari lilizama hadi kwenye ekseli. Wateja walishuka, wakavua viatu, wakasukuma, huku dalali kando akimjibu mteja mwingine kwenye simu: "Ndiyo, mkubwa. Dakika tano tu."

Kitengela imelizoea tope hilo kiasi cha kulijengea desturi. Tangu eneo la viwanda vya kuuza nje, EPZ, lianzishwe Athi River mwaka 1990, watu wamefuata kazi na ploti mpaka sensa ya 2019 ikahesabu wakazi 154,436 mjini, bila lami kuwafuata mitaani kwa kasi hiyo. Mvua ikija, wafanyakazi hutoka nyumbani na gambuti, viatu vya kazi vikiwa mfukoni. Steji, gambuti huachwa kibandani kwa mama mboga. Asubuhi mambo huwa shwari. Balaa ni jioni, giza limeingia, gambuti zote nyeusi, na kila mtu anataka kuwahi. Karani alifika nyumbani na za mguu wa kushoto zote mbili, namba saba na namba tisa. Mwenye zile za kulia alipatikana kesho yake, akichechemea, amekasirika kama aliyeibiwa ng'ombe.

Walihama mwishowe: kutoka Kitengela ya ndani kwenda Kitengela ya kando ya lami, chumba na sebule juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Wapiga debe huwaamsha alfajiri. Baridi haijaongezeka hata nyuzi moja, ila Julai upepo wa Kapiti huingia kwa ukali na mama amelitoa blanketi sandukuni.

Nawe unayetafuta nyumba, usiende kuitazama Jumamosi kwa gari la dalali. Nenda mwezi wa nne, Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri, kwa miguu yako, na umuulize mama mboga ana jozi ngapi za gambuti.