Gololi Imekwenda Wapi?

Heshima yangu ya ufundi kompyuta pale Maili Moja, Kibaha, niliipata kwa kazi moja tu: kusafisha mausi za gololi. Unafungua kifuniko cha chini, gololi inadondoka, unakwangua kwa ukucha ule uchafu uliojiviringa kwenye vichuma kama uzi mweusi, unapuliza, unarudisha, unapokea mia tano. Watu wakaniita injinia. Sikuwakatalia.

Kwa hiyo shemeji yangu wa Kisarawe aliponipigia kwamba mausi yake mpya imegoma, sikuuliza swali. Nilibeba bisibisi, pamba na spiriti, nikabadili daladala hadi Gongo la Mboto, nikapandisha Pugu. Nauli nilijilipia mwenyewe. Nalitaja hilo kwa makusudi, maana shemeji anasoma.

Steshenari yake ilipendeza. Meza mpya ya kioo, imefutwa mpaka unaona magoti yako. Mausi inawaka taa nyekundu tumboni, ila mshale kwenye skrini umetulia kama mgeni ambaye hajaambiwa akae wapi.

"Shem, unaonaje?"

"Gololi hiyo," nikasema kwa sauti ya daktari bingwa.

Nikaigeuza. Hakuna gololi. Nikafungua skrubu. Humo ndani mna kidude cheusi, kidogo kama ukucha, chenye kijicho katikati. Kwa kukosa la kufanya, nikakipaka spiriti.

Kijicho kile, nilikuja kujua baadaye, ni kamera. Mausi ya kwanza, ya mbao, aliyoibuni Douglas Engelbart huko Marekani na Bill English akaiunda mwaka 1964, ilitembelea magurudumu mawili. Gololi zikafuata. Mwaka 1999 Microsoft wakatoa ya taa nyekundu, inayopiga meza picha 1,500 kwa sekunde. Harusi yangu nzima ilipigwa picha 36, na katika tatu nimefumba macho. Kidude kinalinganisha picha ya sasa na iliyotangulia: mkwaruzo uliokuwa hapa umehamia pale, basi na mshale uhame. Kioo kisafi hakina mkwaruzo wala nyuzi za mbao. Kijicho kinatazama chini, hakioni kitu, kinaamini hakijasogea. Shemeji, kwa ufupi, aliponzwa na usafi wake.

Siku ile sikuyajua hayo. Nilikuwa nimeanza kuulaumu umeme wa Kisarawe, na shemeji ameanza kuwataja majirani wasiomtakia mema, ndipo binti mmoja wa shule kwenye foleni alipochoka.

"Samahani, mjomba," akasema, akasukuma karatasi chini ya mausi.

Mshale ukakimbia kama kuku aliyefunguliwa kamba.

Nikakohoa. "Nilikuwa nafika huko."

Tukachapa kazi hadi alasiri. Kila baada ya muda binti aliuliza, "Mjomba, na fomu yangu?" Tukamwambia avumilie kidogo, bado tunaitumia.