Usifiwe Wembe wa Kufumulia

Cherehani imeshasifiwa vya kutosha. Kikwembe nacho kina watetezi wake katika mji wetu kuanzia Kikula hadi Panda, na futi ya kupimia huvaliwa shingoni kama nishani. Lakini nani amewahi kuusimamia wembe wa kufumulia? Ni nusu wembe tu, uliovunjwa ukiwa bado ndani ya karatasi yake ili usimkate mtu, ukafichwa mbali na watoto. Mimi ninashona nyumbani hapa Likasi kwa mapenzi tu, si kwa biashara, na naona aibu yetu imezidi. Leo nausifu hadharani.

Tuanze na ukoo wake, kwani wasiojua hudhani hauna. Mwaka 1846 Elias Howe alipewa hataza huko Marekani kwa cherehani yenye nyuzi mbili, mmoja wa juu na mwingine wa chini, zinazokabana katikati ya kitambaa. Mwaka huohuo, mjini Helmond, Uholanzi, ikaanzishwa kampuni ya Vlisco, ambayo vikwembe vyake vya waksi mama zetu huviweka sandukuni mpaka harusi ya mtoto. Kitambaa cha thamani na mshono wa kukiharibia vilizaliwa mwaka mmoja. Wembe ulikuwa hauna budi kupata kazi.

Na kazi hiyo inapendeza. Unakata uzi wa upande mmoja kila baada ya mishono minne mitano, unageuza nguo, unashika ncha ya uzi wa upande wa pili, unavuta taratibu. Unatoka wote, mzima, kwa mlio mdogo, na vipande viwili vinaachana bila kurushiana maneno. Talaka ngapi za mji huu zimewahi kwenda hivyo? Waksi, kwa kuwa ni pamba, husamehe: lowesha vitobo, visugue kwa ukucha, piga pasi, vinafumba. Satini haisahau kitu. Ndiyo maana nguo za wakwe nazishona za waksi.

Wapinzani watasema kufumua ni kupoteza wakati. Hapana, kufumua ni shule. Enzi za kampuni ya madini ya Union Minière, wake za wafanyakazi walifundishwa kushona katika foye sosiali, vituo vya kampuni vya akina mama. Sisi ambao hatukuzikuta, mwalimu wetu ni wembe. Nunua koti kuukuu la mitumba, lifumue lote, lipige pasi, lilaze kipande kwa kipande juu ya magazeti na uchore pembeni. Hapo ndipo utakapogundua kwamba mkono wa koti si bomba. Juu una kilima, na pande mbili za kilima hicho hazilingani, kwa sababu bega la binadamu linaelekea mbele. Hakuna aliyeniambia hayo. Koti lenyewe lilisema, lilipokosa pa kujificha.

Njoo pia Septemba, shule zinapofunguliwa. Binti amerefuka, sketi yake ya bluu haijarefuka. Unafumua pindo, linamwaga vumbi jekundu la mwaka mzima, na chini yake unakuta mkanda wa bluu iliyokolea ambao haujawahi kuliona jua. Mkanda huo utamfuata shuleni mwaka wote na kila mtu ataelewa. Kuna haya gani? Sketi mpya inahitaji pesa. Hii ilihitaji nusu wembe.

Wembe una adabu kuliko watu. Jirani akija na libaya, yaani blauzi, lisilofunga, siku mbili kabla ya sherehe, atakuambia kwamba nguo imepungua. Hakuna aliyenenepa katika historia ya Likasi. Ni nguo zinazopungua. Wembe haubishi. Unafungua mbavu za libaya, na kama fundi wa kwanza aliacha vidole viwili vya akiba ndani, sherehe imeokoka. Kama alibana akiba, basi mchoyo amejulikana.

Tena hautegemei waya wa mtu. Umeme ukiondoka bila kuaga, cherehani ya mota hunyamaza na pasi hupoa, lakini kwenye baraza kufumua kunaendelea mpaka jua lizame, na kwa kuwa hakuna kelele, umbea nao unashonwa vizuri.

Ni kweli unakata vidole. Ni kweli mara nyingine huuacha uzi ukakata kitambaa. Lakini kosa hilo ni la mkono. Wembe huwa unapita tu.

Hata wakuu wa nchi wamefanya kazi yake. Mji huu uliitwa Jadotville, kwa jina la Mbelgiji Jean Jadot, mpaka mwaka 1966 jina hilo lilipofumuliwa. Jimbo letu la Katanga likawa Shaba, kisha mwaka 1997 likashonwa tena Katanga, kitambaa kilekile. Rais Mobutu aliwafumua wanaume tai shingoni, akawavalisha abakosti, suti isiyo na tai, na mwaka 1990 akaziruhusu tai zirudi. Mambo hayo wembe unayaelewa. Lakini mwaka 2015 Katanga ilikatwa vipande vinne, Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika, na hiyo ni kazi ya mkasi. Siingii kwenye siasa. Nasema tu anachokijua kila mshonaji: kilichoshonwa vibaya hufumuliwa, kilichokatwa vibaya kinageuka nguo ya mtoto.

Basi ndugu zangu, mnaopita kunisalimu huniletea nyuzi, vifungo, hata vipande vya kikwembe visivyotosha leso. Nashukuru. Mara nyingine mkipita soko la Kikula, nileteeni pakiti moja ya nyembe.