Mkifika Kanisani Kateni Kushoto

Mwambie kijana wa bodaboda pale stendi ya Same akupeleke nyumba namba fulani, barabara fulani, uone atakavyokutazama, kama umeagiza chipsi kwenye duka la mbao.

"Mama, namba mimi siijui. Sema unakwenda kwa nani."

Nilikuwa na bahasha za kadi za harusi ya binti wa kaka yangu, kila moja na anwani yake kamili, maana bwana harusi ni mtu wa Dar es Salaam na anaamini maandishi. Anwani hizo zilitokana na ile operesheni ya anwani za makazi iliyozinduliwa Februari 2022 na kukimbizwa iishe kabla ya Sensa ya Agosti mwaka uleule. Nyumba zikapigwa namba, vichochoro vikapata majina, kata zikawa na postikodi ya tarakimu tano, na sisi wa mkoa wa Kilimanjaro zetu zinaanza na 25. Kwenye karatasi hakuna tena Mpare anayeweza kujificha.

Nikasema, basi, nipeleke kwa Mzee Mbwambo.

"Mbwambo yupi?"

Mwalimu.

"Mwalimu yupi?"

Mstaafu. Kijana akacheka, akawaita na wenzake waje wacheke. Huku kwetu ukisema Mbwambo mwalimu mstaafu bado hujamtaja mtu. Alijulikana papo hapo nilipokumbuka kwamba ng'ombe wake ndiye aliyemaliza mahindi ya mchungaji.

"Sasa si ungeanzia hapo, mama! Panda twende."

Majina ya mahali nayo yana vituko vyake. Wilaya ya Same ina kata ya Kisiwani, ambako hutaona bahari hata ukipanda juu ya mti. Ina Mabilioni, ambako michango ya harusi bado tunafuatana mlango kwa mlango. Ina Mwembe, ambayo nayo ni kata. Mgeni wetu mmoja aliambiwa "tukutane Mwembe" akajikalia chini ya mwembe wa kwanza aliouona mjini, kivuli kikamhama, akakifuata, huku mwenyeji wake yuko kata ya Mwembe anamngoja na kunung'unika. Halafu kuna Vudee, Vuje, Vunta na Vumari. Mtandao ukikatikakatika, anayekusikiliza anaambulia "Vu…" tu, na kilichobaki anajichagulia mwenyewe.

Aliyepatikana kuliko wote ni binamu yangu wa Mbagala. Kadi iliandikwa kwamba sherehe ni Bombo, yaani Gonja Bombo, kule juu ya Maore kwenye hospitali ya Walutheri. Yeye akaenda Bombo anayoijua, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Tanga. Segera, mahali basi la Tanga na la Same yanapoagana, alipita amelala fofofo ndani ya la Tanga. Simu yake ilinikuta nimeshavaa kitenge cha sare.

"Dada, niko getini. Mlinzi anauliza nimekuja kumwona mgonjwa wa wodi gani."

Nikamwambia aulizie wodi ya maharusi.

Namba zenyewe sina ugomvi nazo. Ninachosema ni kwamba waliozipanga walidhani nchi yote imelala, na Upare imesimama wima. Same mjini hatufiki mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, kilele cha Shengena kimepita 2,400, na kati ya hapo na pale watu wamejenga popote mteremko ulipowaachia nafasi ya kuweka kitanda. Ramani ya simu ilinionyesha kwamba nyumba ya shangazi imepakana na ya Mwalimu Mbwambo. Kwa kunguru, ndiyo. Kwa sisi wa pikipiki kulikuwa na korongo, daraja la magogo, na mahali nilipoteremka nikasukuma.

Tukamkuta mzee anakata majani ya ng'ombe. Shikamoo, marahaba, habari za tambarare, mvua huko vipi. Nikamwuliza njia ya kwa shangazi, ndipo akanyoosha mdomo kuelekea ng'ambo. "Unaliona lile bati linalong'aa? Ni pale tu." Kabla sijalikazia macho ukungu ukashuka. Ulipoinuka, jua lilikuwa limetoka na mabati yote ya ng'ambo yanang'aa.

"Basi mkifika kanisani kateni kushoto."

Wasabato walianzia kazi yao nchini hapahapa Upareni, Giti kule Mamba, mwaka 1903, na Walutheri nao hawakukaa kuwatazama. Matokeo yake ni kwamba milima hii huwezi kuteleza bila kushika ukuta wa kanisa. Nikamwuliza mzee, kanisa lipi? Akanihurumia. "Kanisa, mwanangu. Kanisa!" Tulikata kushoto kila tulipoliona, mpaka tukapita kwa mara nyingine mbele ya mzee yuleyule, naye akatusalimu upya kama wageni.

Kwa shangazi tulifika giza linaingia, tukiongozwa na mtoto aliyetumwa chumvi.

"Mbona mmechelewa hivi? Namba hamkupewa?"

Namba tulikuwa nayo, nikasema, ila nje sijaona kibao. Akanishika mkono hadi sebuleni. Kilikuwa kimepigiliwa ukutani kati ya kalenda ya kanisa na picha ya mahafali ya mjukuu, kimefutwa vumbi, kinang'aa. Nje kingeshika kutu, alisema, na watoto wa siku hizi unawajua.

"Sasa shangazi, mgeni atakionaje?"

"Si akishaingia ndani?"