Hebu Lia Tusikie

Kigari changu kina tabia za mtoto wa chekechea: nyumbani kinalia, mbele ya daktari kinanyamaza.

Kilianza asubuhi moja baada ya mvua, nikitoka Goba kwenda kazini. Gurudumu la mbele kushoto likatoa mlio mwembamba, kama kijiko kinachokwangua ukoko wa sufuria. Jirani akaniambia ni kutu tu: diski zikilala na maji usiku hushika kutu, ukikanyaga breki mara mbili tatu inafutika. Nikaupenda sana ugonjwa huo, maana hauna gharama. Nikakanyaga breki hadi Makongo. Kwiii. Bodaboda wa kijiweni wakagawanyika kambi mbili, kambi ya pedi na kambi ya beringi, nami nikawapita bila kupiga kura.

Nilipofika gereji, kimya. Fundi akazunguka na gari mara mbili, kimya vilevile.

“Mzee, gari lako zima.”

“Lilikuwa linalia, fundi.”

“Linaliaje? Hebu lia tusikie.”

Mimi, mtu mzima, mwenyekiti wa kamati ya harusi, nikasafisha koo. “Kwiii.”

Fundi akafumba macho. “Ukikanyaga breki, au hata usipokanyaga?”

“Vyote.”

“Ukikata kona?”

“Hapo linaongeza krrr.”

“Unganisha.”

Nikaunganisha. Mama lishe wa pale mwembeni akasimamisha mwiko. Fundi akafumbua macho. “Kokoto hiyo. Ingekuwa pedi, ingesubiri ukanyage.”

Wakapiga jeki, wakafungua tairi. Nyuma ya diski kuna bati jembamba la kinga, na hapo katikati ndipo ilipojibanza kokoto ndogo kama punje ya hindi, zawadi ya barabara yetu ya mtaani. Nikalipa elfu tano. Wakati anarudisha nati, fundi akasema, “Ila pedi zako zinaelekea ukingoni. Jiandae.” Nikamwahidi kurudi mwisho wa mwezi. Mwezi gani, sikutaja.

Baada ya miezi miwili kilio kikarudi. Safari hii kilikuja nikikanyaga breki tu.

“Baba watoto, gari linalia,” mke wangu akasema.

“Kokoto,” nikajibu, kwa sauti ya mtu aliyesomea. Nikaongeza redio, dawa ya kila ugonjwa wa gari.

Wiki chache baadaye mlio mwembamba ukakoma, nikajipongeza. Kumbe ulikuwa unampisha mkubwa wake: mngurumo mzito, kama jiwe la kusagia, na kanyagio lenyewe likawa linatetemeka chini ya kiatu.

Gereji nikaamriwa nilie tena. “Grrr,” nikasema. Safari hii fundi hakufumba macho.

“Hapo huna pedi, mzee. Ni chuma kwa chuma.”

Akanionyesha. Pedi mpya huwa na unene wa kama milimita 10. Yangu ilibaki bamba tupu. Pembeni yake kulikuwa na masalia ya kibati kidogo, ambacho kazi yake ni moja tu: pedi ikibakiza milimita mbili tatu, kinagusa diski na kupiga kelele ili mwenye gari asikie. Diski nayo ilikuwa na mifereji kama shamba la viazi. Pedi peke yake ningezimudu bila kukopa, lakini sasa zilitakiwa na diski, na diski hununuliwa mbili, kulia na kushoto, kama viatu.

“Fundi, mbona hukunisisitizia?”

“Mimi nilikwambia. Kibati nacho kikakwambia. Ulitaka nani mwingine aje, mjumbe wa nyumba kumi?”

Jioni nikarudi nyumbani, redio nimezima. Karibu na kwetu, kwiii. Nikakanyaga breki: kwiii. Nikaachia: kwiii. Nikatabasamu, hiyo ni kokoto, hata mtoto anajua.

Nikageuza gari, nikarudi gereji.